Mrejesho wa wenzetu kwa wenzetu kuhusu tramadoli na mofini: tupime nini, na tuseme vipi?

Mfamasia_Wodini aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali yetu (ngazi ya mkoa, Tanzania bara) imeridhia waandikaji dawa waanze kupeana mrejesho wao kwa wao kuhusu dawa za jamii ya opioidi, yaani dawa kali za maumivu kama tramadoli na mofini. Huu si ukaguzi wa mganga mfawidhi wala wa wizara. Ni daktari kukaa na daktari mwenzake, tabibu na tabibu mwenzake, mbele yao vyeti na mafaili waliyoandika wenyewe.

Shida tuliyo nayo ina pande mbili, na zinavutana. Upande wa kwanza ni tramadoli. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na mgonjwa wa ngiri wote wanaruhusiwa na vidonge 21, awe alikuwa bado analia na maumivu au alikuwa anatembea wodini tangu jana yake. Kuna vyeti vyenye tramadoli na amitriptilini (dawa ya sonona) pamoja, vingine na diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi), na vichache ni vya watoto. Upande wa pili ni mofini ya maji. Wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi na ya koo la chakula wanaandikiwa "ikihitajika" au mara mbili kwa siku, dawa ya kulainisha choo haipo, na dozi iliyoanzwa siku ya kwanza ndiyo hiyohiyo mwezi wa tatu.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Tupime nini hasa? Tulinganisheje watu bila kubandika majina ukutani? Nani azungumze na daktari bingwa ambaye kila mtu anamwogopa? Na tufanyeje ili kampeni ya kupunguza tramadoli isije ikawatia watu hofu ya mofini, maana hofu hiyo tayari ipo ya kutosha?

Wagonjwa wa nje wako kwenye mfumo wa kompyuta. Wodini bado ni karatasi. Waandikaji ni ishirini na kitu, ukijumlisha madaktari walio mafunzoni.

---

Dkt_Usingizi alijibu:

Mkuu, swali lako la mwisho ndilo ningeanza nalo, kwa sababu jibu lake linabadilisha mengine yote.

Ukichukua jumla ya opioidi aliyoandika kila mtu na kuipanga kutoka juu hadi chini, anayeongoza atakuwa yule wa kliniki ya tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa usiopona) au wa selimundu, na anayesifiwa atakuwa yule anayemwacha mgonjwa wa saratani na parasetamoli. Marekani walipitia hilo. Mwongozo wa CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2016 ulitaja miligramu 90 za mofini kwa siku kama kiwango cha kuepuka kupita au kukitolea sababu. Namba hiyo ikageuzwa kuwa dari. Wagonjwa waliotumia dawa kwa miaka wakakatishwa ghafla, hadi FDA, mamlaka yao ya dawa, mwaka 2019 ikatoa onyo kuhusu kuwaachisha watu opioidi kwa ghafla, na mwongozo mpya wa 2022 ukaandikwa kwa tahadhari zaidi. Kwa hiyo usipime wingi peke yake. Pima kama cheti kinamfaa mgonjwa aliyeandikiwa, na pima pande zote mbili, ya kuzidisha na ya kupunja.

Fanya makapu mawili yasiyochanganywa kamwe. Kapu la kwanza ni maumivu ya muda mfupi: upasuaji, mifupa, majeraha. La pili ni saratani, selimundu na tiba shufaa kwa jumla. Kwenye kapu la pili usihesabu kabisa wingi wa dawa.

Kwa kapu la kwanza, haya yanatosha kuangalia kwenye cheti cha kuruhusiwa:

Je, parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 zimeandikwa kwa ratiba, kwa siku 3 hadi 5, kwa asiye na kizuizi? (Vizuizi vya ibuprofeni ni figo mbovu, vidonda vya tumbo na damu kutokwa. Mtu mzima mwenye uzito chini ya kilo 50 apunguziwe parasetamoli.) Hapa ndipo cheti kinapoharibika mara nyingi. Mwandikaji anaweka tramadoli kwa ratiba na parasetamoli "ikihitajika", yaani kinyumenyume.

Je, idadi ya vidonge inalingana na alichotumia mgonjwa saa 24 za mwisho wodini? Hospitali ya Dartmouth-Hitchcock, New Hampshire, walitumia kanuni nyepesi sana kwa wagonjwa waliolazwa baada ya upasuaji: aliyemeza kidonge 0 siku ya mwisho aende na 0, aliyemeza 1 hadi 3 apewe 15, aliyemeza 4 au zaidi apewe 30. Idadi hizo ni za kwao, na kwa maoni yangu kwetu zipungue, lakini mantiki inafaa bila kubadilishwa. Karatasi ya dawa ya wodini tayari ina jibu. Mtu anatakiwa kuigeuza tu na kusoma.

Halafu kuna mambo ya hatari, ambayo hayahitaji asilimia kwa sababu hata moja ni nyingi. Tramadoli au kodeini kwa mtoto chini ya miaka 12. Tramadoli kwa mwenye kifafa. Tramadoli pamoja na amitriptilini au fluoksetini (nayo ya sonona): degedege, na serotonini, kemikali ya ubongo, kuzidi mwilini. Opioidi yoyote pamoja na diazepamu. Zaidi ya miligramu 400 za tramadoli kwa siku. Na kwa wodi yako ya wazazi: mwaka 2017 FDA ilionya kwamba kunyonyesha hakushauriwi wakati mama anatumia kodeini au tramadoli. Sababu ni kwamba baadhi ya watu ini lao linageuza dawa hizi kwa kasi mno kuwa aina kali zaidi, nayo inaingia kwenye maziwa. Watu wa namna hiyo ni wengi Ethiopia na pembe ya Afrika kuliko Ulaya, na kwa kumtazama tu humjui nani ni nani. Cheti cha kawaida baada ya upasuaji wa uzazi kina kila sababu ya kuwa cha kwanza kujadiliwa.

Kuhusu kulinganisha: ukitaka kujumlisha dawa tofauti, zigeuze kuwa miligramu za mofini ya kumeza. Tramadoli miligramu 50 mara 3 kwa siku ni 150. Kwa kizidisho cha 0.2 cha CDC cha mwaka 2022 unapata 30 kwa siku. Kizidisho cha zamani kilikuwa 0.1, unapata 15. Mtu akitumia cha zamani Januari na kipya Julai atadhani matumizi yameongezeka maradufu, kumbe hakuna kilichobadilika. Chagua kimoja, kiandike juu ya jedwali, kifunge. Na namba hizi ni za kujumlishia takwimu tu. Asije mtu akazitumia kumhamisha mgonjwa kutoka dawa moja kwenda nyingine bila kupunguza dozi.

Usiwalinganishe watu na wastani. Aliye chini ya wastani akionyeshwa wastani huvutwa kuelekea huko, na utakuwa umemfundisha kuandika zaidi. Walinganishe na robo inayofanya vizuri zaidi kwenye kiashiria hichohicho, ndani ya wodi hiyohiyo.

Na usimpe mtu asilimia kama ana vyeti 6. Cheti kimoja hapo ni karibu asilimia 17. Mwambie "4 kati ya 6 viko sawa" halafu mfungue hayo mafaili 2 yaliyobaki.

---

Nesi_TibaShufaa alijibu:

Shikamoo Daktari. Naongezea kapu la pili, na namwomba Mfamasia asiliache kwa awamu ya baadaye. Likiachwa, watu watasikia neno moja tu: punguzeni.

Kwenye faili la mgonjwa wa saratani anayetumia mofini ya maji mkaguzi aangalie haya, kwa mpangilio huu.

Nguvu ya dawa imeandikwa? "Mofini 5 ml" si agizo. Kwenye chupa ya 5 mg/5 ml hiyo ni miligramu 5. Kwenye chupa ya 50 mg/5 ml ni miligramu 50, mara kumi. Agizo kamili lina miligramu, mililita na nguvu ya chupa, vyote vitatu: "mofini 5 mg, yaani 5 ml ya 5 mg/5 ml". Uganda, ambako mofini ya maji inatengenezwa nchini kutokana na unga, nguvu tofauti hutiwa rangi tofauti ili hata macho yasaidie. Sisi tunategemea maandishi, basi maandishi yawe kamili.

Saa zimeandikwa? Mofini ya maji inaisha nguvu baada ya saa 4 hivi, kwa hiyo inatolewa mara kwa mara mchana na usiku. Lakini lebo yenye "kila saa 4" nyumbani inasomwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mgonjwa anapata dozi 2 badala ya 6, anarudi kliniki na maumivu makali, na anayempokea anaandika "mofini haijamsaidia". Andikeni nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi maradufu ili asiamke saa 8 usiku. Jumla bado ni dozi 6.

Kuna dozi ya ziada kwa maumivu yanayochomoza katikati? Iwe sawa na dozi ya kila saa 4. Na imehesabiwa aliporudi? Mfano: mgonjwa yuko kwenye 5 mg mara 6, yaani 30 mg kwa siku. Ametumia dozi za ziada 4, yaani 20 mg. Jumla 50 mg. Gawanya kwa 6 unapata kama 8 mg. Hiyo ndiyo dozi mpya, na dozi ya ziada nayo inakuwa 8 mg. Faili likionyesha dozi za ziada 4 kwa siku na dozi ya kawaida haijaguswa, hapo mrejesho una kazi.

Dawa ya choo ipo? Bisakodili 5 hadi 10 mg usiku, kuanzia siku ileile mofini inapoanza, isipokuwa kwa anayeharisha. Kichefuchefu hupungua chenyewe baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui. Wagonjwa wengi wanaoacha mofini wenyewe wanaacha kwa sababu ya choo, na hawasemi mpaka waulizwe.

Figo zimeangaliwa? Saratani ya mlango wa kizazi inabana mirija ya mkojo. Mabaki ya mofini yanarundikana mwilini, na mgonjwa aliyekuwa sawa wiki mbili anaanza kusinzia, misuli inashtukashtuka. Kwa hao anzia 2.5 mg kila baada ya saa 6 hadi 8 na mwone mapema.

Chupa inatosha hadi siku ya kurudi? Kwa 8 mg mara 6 ni 48 ml kwa siku ya ile ya 5 mg/5 ml. Weka na dozi 2 za ziada, 16 ml, jumla 64. Siku 7 ni 448 ml. Ukimpa chupa ya 100 ml na tarehe ya kurudi wiki ijayo, siku ya pili jioni ameishiwa.

Alama ya maumivu kabla na baada, 0 hadi 10, iandikwe. Bila hiyo mnajadili mwandiko, mgonjwa hamumwoni.

Halafu kwenye mikutano yenu msiweke madaktari peke yao. Uganda tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Kwetu muuguzi haandiki, lakini yeye ndiye anayejua kama ile dozi ya saa 4 usiku ilitolewa au iliachwa.

---

Takwimu_Tiba alijibu:

Kuhusu ushahidi kwamba mrejesho unafanya kazi, upo, ila msitarajie makubwa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya tafiti za tiba, ya mwaka 2012 yalikusanya tafiti 140 za ukaguzi na mrejesho. Badiliko la katikati lilikuwa nyongeza ya asilimia 4.3 tu ya wanaofuata utaratibu unaotakiwa, lakini robo ya juu ilifika 16 na zaidi. Kilichotenganisha waliofika juu na wengine ndicho cha kuiga: anayetoa mrejesho ni mwenzako au msimamizi wako, unatolewa zaidi ya mara moja, unatolewa kwa mdomo na kwa maandishi, una lengo lililotajwa na hatua ya kuchukua, na unaanzia pale hali ilipo mbaya zaidi.

Barua peke yake ina matokeo ya kigeugeu. Marekani Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, iliwatumia barua waandikaji waliokuwa juu mno kwa dawa zinazodhibitiwa, opioidi zikiwemo, ikiwalinganisha na wenzao. Matokeo yaliyochapishwa 2016: hakuna badiliko lililoonekana. Baadaye wakabadilisha barua, wakaituma mara tatu, ikisema wazi kwamba mhusika anachunguzwa, kwa dawa ya akili iitwayo kwetiapini; safari hii uandikaji ulishuka. Ukali ulileta matokeo, lakini nisingeupeleka kwenye mofini hata siku moja. Daktari akitishwa kuhusu mofini ana njia rahisi ya kujilinda, nayo ni kutoiandika.

Barua iliyonivutia zaidi ni ya San Diego, iliyochapishwa 2018. Mchunguzi wa vifo wa kaunti aliwaandikia waandikaji kwamba mgonjwa waliyewahi kumwandikia dawa amefariki kwa dawa kuzidi. Barua ilikuwa ya heshima, haikulaumu, na ilitaja hatua za kuandika kwa usalama. Waandikaji 861 waliohusika na vifo 170 waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopata barua walipunguza miligramu walizoandika kwa asilimia 9.7 ndani ya miezi mitatu kuliko wasioipata. Mgonjwa mmoja anayejulikana aliwagusa kuliko jedwali. Kwa hiyo kwenye mkutano wenu anzeni na faili moja, namba zifuate.

Sasa mambo ya data, ambako mipango mingi hufia.

Kwenye mfumo, hakikisha jina lililo kwenye cheti ni la aliyeandika. Daktari aliye mafunzoni anaingia kwa akaunti ya bingwa iliyoachwa wazi, na mwisho wa mwezi bingwa anapewa mrejesho wa vyeti asivyoviona. Ukifanya kosa hilo mara moja, mtu huyo hatakuamini tena. Kwenye karatasi, saini hazisomeki. Omba kila cheti cha opioidi kiwe na namba ya usajili ya mwandikaji kwenye Baraza la taaluma yake. Kabla ya mkutano, mwenye vyeti apewe orodha yake siku 2 mapema na haki ya kusema "hiki si changu".

Jedwali liwe dogo: tarehe, namba ya siri ya mgonjwa, namba ya siri ya mwandikaji, wodi, sababu, dawa, miligramu kwa dozi, mara kwa siku, siku, dawa nyingine alizopewa, na ndiyo/hapana kwa kila kiashiria. Ufunguo wa namba za siri abaki nao mtu mmoja, kwenye daftari si kwenye WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Picha ya cheti chenye jina la mgonjwa kwenye kundi la simu inaweza kuvunja sheria za namna hii.

Chukua mafaili kwa mtindo usiochaguliwa, kwa mfano kila la tano kutoka kwenye rejesta ya kuruhusiwa. Ukimwachia mtu achague mwenyewe, ataleta mazuri.

Na pima pia unachoweza kuharibu. Wapigie simu wagonjwa kadhaa siku ya tatu baada ya kuruhusiwa, uliza maumivu 0 hadi 10 na kama wamenunua dawa dukani. Tramadoli ikishuka huku diklofenaki au pethidini, dawa nyingine za maumivu, ikipanda, mmehamisha tatizo. Pethidini hasa iangalieni: mabaki yake yanaleta degedege dozi zikirudiwa.

---

Mfamasia_Wodini aliandika:

Asanteni sana, hasa hilo la saa kwenye lebo. Dirishani kwetu mihuri yote inasema "kila saa".

Limebaki la bingwa wa upasuaji. Hoja yake ni kwamba wagonjwa wake wanatoka mbali, hawawezi kurudi kwa ajili ya maumivu, kwa hiyo bora wazidishiwe. Na pili: tukigundua chupa au ampuli hazilingani na daftari la DDA (dawa zinazodhibitiwa kisheria), hilo nalo liingie kwenye mrejesho?

---

Dkt_Usingizi alijibu:

La DDA kwanza, kwa sababu ni fupi: hapana. Upungufu wa dawa kwenye daftari unapelekwa kwa mfamasia kiongozi na mganga mfawidhi siku hiyohiyo kwa taratibu zake za kisheria. Ukiuingiza kwenye kikao cha wenza, kuanzia hapo kila mtu atakiona kikao hicho kuwa cha upelelezi, na hakuna atakayefungua faili lake kwa hiari. Vivyo hivyo karatasi za mrejesho zisiingie kwenye tathmini ya utendaji ya mtu. Kamati iandike hivyo kwenye barua ya kuanzisha, na mganga mfawidhi asaini.

Kuhusu bingwa: hoja yake ni ya kweli na ijibiwe kama hoja. Asitumwe daktari mdogo wala wewe peke yako. Atafutwe anayelingana naye, bingwa wa uzazi au wa usingizi, dakika 15, faraghani, mlango umefungwa. Mafaili mawili tu: moja aliloandika vizuri, moja lenye swali. Anza na swali na umwache ajibu kwanza: "Huyu jana yake hakumeza kidonge hata kimoja, akaenda na 21. Ulikuwa unahofia nini?" Atasema ni umbali. Sawa, umbali unajibiwa na parasetamoli na ibuprofeni za siku 5 kwa ratiba, vidonge vichache vya tramadoli kwa anayehitaji kweli, na namba ya simu ya wodi kwenye cheti. Vidonge 21 kwa asiyevihitaji havimsaidii aliye mbali. Vinakaa kabatini, na kijana wa nyumbani anavikuta.

Kikao kimalizike na jambo moja atakalobadilisha mwezi ujao, limeandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Lisiwe mawili. Mwezi unaofuata mrejesho unaanza na hilohilo.

Nisichokubaliana nacho kidogo na Takwimu_Tiba ni kuwaficha watu wote nyuma ya namba. Kwenye jedwali sawa. Lakini anayefanya vizuri, kwa ruhusa yake, atajwe na aeleze mbele ya wenzake anavyoandika cheti.

---

Nesi_TibaShufaa alijibu:

Naunga mkono hilo la kutaja anayefanya vizuri.

Mambo mawili ya usalama kabla hamjaanza, Mfamasia. Kwanza, mtawakuta watu wanaomeza tramadoli kwa miezi au miaka. Mwandikaji aliyetoka kwenye kikao ana hamu ya kuikata palepale. Asikate. Aliyetumia zaidi ya mwaka apunguziwe kama asilimia 10 kwa mwezi. Aliyetumia wiki au miezi michache, asilimia 10 kwa wiki, na aangaliwe jinsi anavyostahimili. Na mgonjwa wa kliniki ya metadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) akifanyiwa upasuaji, metadoni yake inaendelea kama kawaida na dawa ya maumivu inaongezwa juu yake. Akiwa na kifua kikuu, rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaishusha metadoni mwilini. Wapigieni kliniki yake kabla hamjamlaumu kwa kudai dawa.

Pili, naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini ikizidi, iwepo wodini, na watu wajue kuitumia kwa mgonjwa anayetumia mofini kwa maumivu. Kusinzia kunatangulia, pumzi zinafuata, kwa hiyo hesabuni pumzi. Zikiwa chini ya 8 kwa dakika na mgonjwa haamki: saidieni upumuaji, changanyeni ampuli ya 0.4 mg na maji ya chumvi mpaka ifike 10 ml, mpeni 1 ml kwenye mshipa kila baada ya dakika 2 mpaka pumzi zirudi. Lengo ni apumue. Mkimsukumia ampuli nzima kwa mkupuo, maumivu yote ya saratani yatamrudia kwa mara moja. Naloksoni inaisha kabla ya mofini, ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo mtu abaki naye. Na kila naloksoni iliyotumika iwe faili la kwanza kwenye kikao kinachofuata: dozi ilikuwa ngapi, figo zikoje, chupa ilikuwa ya nguvu gani.

Kuhusu mihuri ya dirishani, msisubiri kikao. Chongesheni mpya yenye nafasi tano za kujaza saa: asubuhi mbili, mchana moja, jioni moja, usiku moja, na mstari chini wa "dozi ya ziada: ___ ml, ukizidisha mara 3 kwa siku piga simu". Anayetoa dawa amwombe mgonjwa au anayemhudumia avute kiasi hicho kwenye bomba la sindano mbele yake kabla hajaondoka dirishani.